Kwa nini viongozi wa Japani walisalimu amri mwaka 1945? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jibu ambalo wengi wetu tulifundishwa darasani ni la sentensi moja: Marekani ilidondosha mabomu mawili ya atomiki, Japani ikanyoosha mikono. Si la uongo, ila ni fupi mno, na linaruka jambo zito kuliko yote. Watu waliokuwa wakiiongoza Japani walijua kwa miezi mingi kwamba wameshindwa, na bado hawakusema. Katika miezi hiyo watu wengi sana walikufa. Maswali yafuatayo yanahusu ukimya huo na kilichouvunja.

Nani hasa alikuwa na mamlaka ya kukata shauri?

Kwa maandishi, Mfalme Hirohito. Kwa vitendo, watu sita walioketi katika Baraza Kuu la Kuongoza Vita: Waziri Mkuu Suzuki Kantaro, Waziri wa Mambo ya Nje Togo Shigenori, Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu Anami Korechika, Waziri wa Jeshi la Majini Yonai Mitsumasa, na wakuu wawili wa majeshi, Umezu Yoshijiro wa nchi kavu na Toyoda Soemu wa majini. (Majina haya nimeyaandika kwa desturi ya Kijapani, la ukoo likitangulia.)

Uamuzi mkubwa ulitakiwa ukubaliwe na wote. Hapakuwa na kupiga kura ili wengi wawashinde wachache. Mmoja akigoma, shughuli inasimama. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na rungu jingine tena: waziri wake akijiuzulu na jeshi likakataa kumtoa mrithi, serikali nzima inaanguka.

Na kulikuwa na hofu ya kuuawa. Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi aliuawa na maofisa vijana wa jeshi la majini Mei 1932. Suzuki mwenyewe alipigwa risasi na wanajeshi walioasi Februari 1936, akaponea chupuchupu. Mwaka 1945 alikuwa mzee wa miaka 77, na kila alipopima maneno yake mbele ya majenerali alijua gharama ya neno moja kwenda kombo.

Ina maana hawakujua kwamba wameshindwa?

Walijua. Februari 1945 aliyekuwa Waziri Mkuu, Konoe Fumimaro, alimwandikia Mfalme waziwazi kwamba kushindwa hakuepukiki na kwamba vita vikiendelea kuna hatari ya mapinduzi ya kikomunisti ndani ya nchi. Usiku wa kuamkia Machi 10, ndege za kivita za Marekani aina ya B-29 ziliiteketeza Tokyo kwa mabomu ya moto. Inakadiriwa watu wapatao 100,000 walikufa usiku ule mmoja. Kufikia Agosti, miji zaidi ya 60 ilikuwa imeunguzwa. Meli za mizigo zilikuwa zimezamishwa na nyambizi za Marekani au kunaswa na mabomu yaliyotegwa majini, kwa hiyo mafuta, mchele na madini kutoka nje havikuingia tena. Mwezi Juni kisiwa cha Okinawa kikaanguka baada ya karibu miezi mitatu ya mapigano, na raia wake walikufa kwa makumi ya maelfu.

Kushindwa vita na kukubali kusalimu amri ni mambo mawili tofauti. La kwanza hutokea uwanjani. La pili linahitaji mtu afungue mdomo na kulisema, na mwaka ule mjini Tokyo hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza.

Kama walijua, walikuwa wakisubiri nini?

Walikuwa na matumaini mawili, na ukiyaelewa haya mengine yote yanakaa mahali pake.

La kwanza lilikuwa la wanajeshi. Waliamini, na hawakukosea, kwamba Wamarekani wangetua kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini. Marekani kweli ilikuwa imepanga kutua huko tarehe 1 Novemba 1945. Majenerali wakajaza Kyushu mamia ya maelfu ya askari, wakaficha maelfu ya ndege za marubani wa kujitoa mhanga, wakaanza kuwafunza raia kupigana kwa mikuki ya mianzi. Hawakutarajia kushinda vita. Walitaka kumwaga damu ya Wamarekani kwa wingi kiasi kwamba Washington ichoke na ikubali mazungumzo yenye masharti mepesi.

La pili lilikuwa la wanadiplomasia. Japani na Umoja wa Kisovieti walikuwa na mkataba wa kutoshambuliana uliotiwa saini Aprili 1941. Aprili 1945 Moscow ilitangaza kwamba haitauongeza muda, lakini kwa maandishi ulikuwa bado hai hadi Aprili 1946. Togo akataka Stalin awe mpatanishi. Julai aliomba Konoe apokelewe Moscow kama mjumbe wa Mfalme. Balozi wa Japani kule, Sato Naotake, alimjibu kwa ukweli wa kuumiza: Warusi hawatasaidia, na njia pekee iliyobaki ni kusalimu amri bila masharti au kitu kinachokaribia hapo. Togo hakulikubali. Wamarekani walikuwa wakizisoma telegramu zote hizo, kwa kuwa walikwishavunja msimbo wa siri wa wizara yake.

Jambo ambalo Tokyo haikulijua ni kwamba Februari 1945, kule Yalta, alipokutana na viongozi wa Marekani na Uingereza, Stalin alikwishaahidi kuingia vitani dhidi ya Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kuanguka. Mpatanishi waliyembembeleza alikuwa akisafirisha vifaru kuelekea mashariki.

Azimio la Potsdam lilidai nini, na kwa nini walilipuuza?

Lilitolewa tarehe 26 Julai 1945 na Marekani, Uingereza na China. Liliitaka Japani isalimishe majeshi yake yote bila masharti, la sivyo ikabiliwe na maangamizi ya haraka na ya kutisha. Liliahidi kwamba taifa halitafutwa, kwamba askari watarudi makwao, na kwamba utawala wa kijeshi wa kigeni ungeondoka siku moja. Kuhusu kiti cha Mfalme lilinyamaza kabisa.

Togo aliliona kuwa lina mwanya, akashauri wasilijibu kwanza hadi Moscow ijibu. Saini ya Stalin haikuwamo, na hiyo ilimpa matumaini. Wanajeshi wakashinikiza lisiachwe hivihivi. Tarehe 28 Suzuki akawaambia waandishi wa habari kwamba serikali haitalijali. Washington ikachukulia hilo kuwa ni kukataa.

Bomu la Hiroshima lilibadilisha nini?

Lilipiga tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi. Watu wapatao 70,000 au zaidi walikufa papo hapo na ndani ya saa chache. Kufikia mwisho wa mwaka, kwa majeraha, kuungua na mionzi, idadi inakadiriwa kufika 140,000. Wengi walikuwa raia, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa wametolewa siku ile kubomoa nyumba ili kutengeneza nafasi za kuzuia moto usisambae.

Majenerali kwanza walitilia shaka. Mwanafizikia Nishina Yoshio, aliyeongoza utafiti wa Japani wenyewe kuhusu nyuklia, alitumwa Hiroshima, akathibitisha kwamba ni bomu la atomiki. Tarehe 8 Togo alikwenda kwa Mfalme, na kwa maelezo yake Mfalme alimwambia kuwa silaha kama hii ikiwapo vita haviwezi kuendelea, hivyo vimalizwe upesi.

Hata hivyo Baraza halikukutana siku hiyo. Siku mbili baada ya mji mzima kuangamia, watu sita hawakuwa wamekaa meza moja kulizungumzia. Mimi hapa ndipo ninapoona wazi kwamba vifo vya raia peke yake havikuwa kipimo walichokitumia. Tokyo iliwahi kuungua mwezi Machi na vita vikaendelea.

Kilichowagusa wanajeshi ni hesabu nyingine. Ikiwa Mmarekani anaweza kufuta mji kwa ndege moja, kuna haja gani ya kutua Kyushu? Na asipotua, ule mpango wa kumwaga damu yake ufukweni unabaki hauna kazi.

Ni kweli urani ya bomu hilo ilitoka Kongo?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji wa Likasi, ambao wakati huo uliitwa Jadotville, ulikuwa na urani ya ubora usiopatikana kwingine duniani. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilikwishasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York kabla jeshi la Marekani halijaanza kuitafuta, na mradi wa bomu ukainunua, kisha ukaendelea kuagiza zaidi. Wachimbaji Wakongomani waliyashika mawe yale kwa mikono bila kuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani wala yana madhara gani mwilini. Katika vitabu vingi vya historia ya bomu hili hawapewi hata ukurasa mmoja, na hilo ni kosa.

Na Warusi waliingiaje?

Jioni ya tarehe 8 Agosti, miezi mitatu kamili tangu Ujerumani isalimu amri, Molotov, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kisovieti, alimwita Balozi Sato. Sato alifikiri anakwenda kupewa jibu kuhusu safari ya Konoe. Akasomewa tangazo la vita. Saa chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 9, jeshi la Kisovieti la watu wapatao milioni moja na nusu likavuka mipaka ya Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China lililokuwa mikononi mwa Japani, kutoka pande kadhaa. Jeshi la Kijapani lililoko huko lilikuwa na jina kubwa, lakini vikosi vyake bora vilikwishahamishiwa kwingine.

Kwa usiku mmoja tumaini la pili likawa limezimika. Hakuna mpatanishi tena. Zaidi ya hapo, viongozi wa Tokyo waliwaogopa Warusi kwa namna ambayo hawakuwaogopa Wamarekani: ukomunisti ulikuwa umemuua mfalme wa Warusi wenyewe, na Konoe alikwishaonya kuhusu mapinduzi. Kama ni lazima mgeni akanyage ardhi ya Japani, afadhali asiwe yule.

Nini kilitokea tarehe 9 Agosti?

Hii ndiyo siku yenyewe, kwa hiyo tuifuate taratibu.

Saa nne na nusu asubuhi Baraza la watu sita likakaa. Suzuki alifungua kwa kusema haoni njia nyingine ila kulikubali Azimio la Potsdam. Wakati wakijadiliana ikaja taarifa kwamba bomu la pili limepiga Nagasaki, saa tano na dakika mbili. Mjadala haukubadilika. Suzuki, Togo na Yonai walitaka sharti moja tu, kwamba kiti cha Mfalme kibaki. Anami, Umezu na Toyoda waliongeza matatu: Japani ijinyang'anye silaha yenyewe, iwashtaki wahalifu wake wa kivita yenyewe, na nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni, au likikaliwa eneo liwe dogo sana. Watatu kwa watatu.

Likaitwa Baraza la Mawaziri. Likakaa mchana kutwa hadi usiku, nalo likashindwa.

Karibu saa sita usiku Suzuki akafanya jambo lisilo la kawaida. Aliwaita wote mbele ya Mfalme bila kuwa na uamuzi waliokwisha kukubaliana. Kwa desturi, Mfalme aliletewa jambo lililokwisha kuiva, akalisikiliza kimya, likawa sheria. Safari hii aliletewa ugomvi. Walikutana katika handaki chini ya bustani za kasri, chumba kidogo, joto la Agosti, wazee wamevaa sare na suti rasmi. Alikuwapo pia Hiranuma Kiichiro, Rais wa Baraza la Faragha la Mfalme, aliyewahoji wengine kwa kirefu. Kila mmoja alirudia aliyoyasema asubuhi. Ilipokaribia saa nane usiku Suzuki alisimama, akasema hawakuafikiana, na akamwomba Mfalme atoe uamuzi wake.

Hirohito alisema anakubaliana na Waziri wa Mambo ya Nje. Hakuishia hapo. Aliwakumbusha wanajeshi ahadi zao ambazo hazikutimia, na akataja ngome za ufuko wa Kujukuri, mashariki mwa Tokyo, ambazo aliambiwa zingekuwa tayari na hazikuwa tayari. Kwa mtu aliyezoea kukaa kimya, hayo yalikuwa maneno makali. Waliokuwamo walilia.

Asubuhi ya tarehe 10 ujumbe ukatumwa kupitia Uswisi na Sweden: Japani inalikubali Azimio, kwa kuelewa kwamba halina dai lolote la kupunguza mamlaka ya Mfalme.

Basi lipi hasa lililowashinda, bomu au Warusi?

Wanahistoria wamelivutana hili kwa miongo mingi. Wapo wanaosema bomu, kwa kuwa Mfalme alilitaja redioni. Wapo wanaosema Warusi, kwa kuwa Baraza lilikutana saa chache baada ya wao kuvamia, wakati baada ya Hiroshima lilichelewa siku tatu. Hoja hii ya pili ina nguvu, ila isipewe uzito kupita kiasi, kwa sababu mipango ya kukutana ilikwishaanza kabla habari za Manchuria hazijafika.

Msimamo wangu ni kwamba swali lenyewe linakosea kutaka mshindi mmoja. Kundi lile lilikuwa na matumaini mawili, na kila pigo liliua tumaini moja. Bomu liliufanya mpango wa Kyushu usiwe na maana. Uvamizi wa Kisovieti ulilifuta tumaini la upatanishi wa Moscow. Lingepiga moja tu, waliokuwa wakishikilia lile jingine wangeendelea kuvuta muda. Ni kwa sababu yalikuja ndani ya siku tatu ndiyo maana hapakuwa na pa kushika.

Kuna ushahidi mmoja ambao mimi huurudia. Tarehe 12 Agosti Yonai alimwambia msaidizi wake kwamba mabomu na kuingia kwa Warusi ni kama zawadi kutoka mbinguni, kwa sababu sasa wangeweza kumaliza vita bila kukiri kwamba hali ya ndani ya nchi ndiyo inayowalazimisha. Hofu yake kubwa ilikuwa wananchi: njaa, miji iliyoungua, minong'ono dhidi ya serikali na pengine dhidi ya kasri lenyewe. Ni maneno ya kutisha ukifikiria waliokuwa bado wakifa Hiroshima siku ileile. Lakini yanaonyesha walikuwa wanahitaji sababu ya kujitoa bila kuonekana wamejitoa wenyewe.

Kama neno la Mfalme lilitosha, kwa nini hakulitoa mapema?

Swali hili linastahili kuulizwa kwa sauti. Watetezi wake husema alikuwa mfalme wa kikatiba, asiyeweza kuwaamuru mawaziri. Kwa kiasi fulani ni kweli, na asingekuwa salama. Kufungiwa ndani na maofisa wakali wakidai wanamlinda lilikuwa jambo linalowezekana.

Lakini mwenyewe alitumia sauti yake tarehe 22 Juni, alipowaita wale sita na kuwataka watafute njia ya kidiplomasia. Kwa hiyo uwezo wa kusukuma alikuwa nao. Aliutumia kidogo, akachelewa, kwa sababu hata yeye alikuwa akisubiri pigo moja la mafanikio uwanjani kabla ya kuzungumza. Mwisho wa Julai, shajara ya msaidizi wake mkuu, Kido Koichi, inamwonyesha akihangaikia usalama wa vitu vitatu vitakatifu vya ufalme: kioo, upanga na kito. Kwake, nasaba isiyokatika ndiyo ilikuwa Japani. Miji yake ilipokuwa ikiungua, hilo lilikuwa ndilo la kuokolewa kwanza. Mimi siwezi kulisoma hilo nikamwona hana hatia.

Kwa nini ilichukua siku nne nyingine?

Kwa sababu ya jibu la Marekani. Waziri wa Mambo ya Nje James Byrnes hakusema ndiyo wala hapana. Alisema mamlaka ya Mfalme na serikali yatakuwa chini ya Kamanda Mkuu wa Washirika, na kwamba hatimaye muundo wa serikali utaamuliwa na Wajapani wenyewe kwa hiari yao. Anami na wenzake wakasema huo ni mwisho wa ufalme. Togo akasema hapana, kama ni wananchi watakaoamua, watamchagua Mfalme wao. Wakabishana tarehe 12 na 13 zote.

Usiku na asubuhi ya tarehe 14 ndege za Marekani zikamwaga vipeperushi juu ya Tokyo vyenye maandishi ya barua hizo za siri, ya Japani na ya Byrnes. Kido alikiona kimoja akamkimbilia Mfalme. Askari wa kawaida wakikisoma kabla hawajaambiwa, nani atawazuia? Mfalme akaitisha kikao kabla ya mchana, akasema amekubali, na akaomba tangazo lake liandaliwe.

Je, ni kweli baadhi ya maofisa walijaribu kupindua uamuzi?

Ndiyo, usiku uleule. Karibu saa tano na nusu usiku wa tarehe 14, Hirohito alirekodi tangazo lake kwenye santuri mbele ya mafundi wa redio ya taifa. Mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri, akarudia. Santuri zikakabidhiwa mhudumu wa kasri, Tokugawa Yoshihiro, akazificha katika kisanduku cha chuma kwenye ofisi ya wahudumu wa Malkia, akakifunika kwa makaratasi.

Saa chache baadaye Meja Hatanaka Kenji na wenzake walikwenda kwa Luteni Jenerali Mori Takeshi, mkuu wa kikosi cha walinzi wa kasri, wamtake ajiunge nao. Hakukubali, wakamuua. Wakagushi amri kwa jina lake, wakalizingira kasri, wakaanza kupekua chumba baada ya chumba gizani wakitafuta santuri. Tokugawa walimkamata na kumpiga, hakusema. Hawakuzipata. Kulipopambazuka Jenerali Tanaka Shizuichi, kamanda wa jeshi la eneo la Tokyo, aliingia mwenyewe na kuwarudisha askari kambini. Hatanaka akajipiga risasi.

Aliyeamua hatima ya jaribio lile ni Anami. Maofisa wale walimheshimu. Angejiunga, au hata angejiuzulu tu serikali ikaanguka, vita vingeendelea. Alikataa kupinga neno la Mfalme, akatia saini pamoja na mawaziri wengine, na alfajiri ya tarehe 15 akajiua kwa upanga nyumbani kwake.

Mfalme aliwaambia nini wananchi?

Saa sita mchana tarehe 15 Agosti walisikia sauti yake kwa mara ya kwanza maishani mwao. Lugha ilikuwa ya kasri, ngumu, mawimbi ya redio yakikwaruza, na wengi walielewa tu mtangazaji alipofafanua baadaye. Hakutamka kwamba wameshindwa. Alisema hali ya vita haikuwa imekwenda kwa faida ya Japani, na kwamba adui ameanza kutumia bomu jipya na la kikatili mno. Kuhusu Warusi kuingia vitani hakusema neno.

Tarehe 17 akatoa tangazo jingine, kwa wanajeshi. Humo alitaja kuingia kwa Umoja wa Kisovieti, na bomu hakuligusa. Raia walipewa sababu moja, askari nyingine. Kila kundi lilipewa ile ambayo lingeweza kuimeza.

Bila bomu, Japani ingesalimu amri?

Mwaka 1946 tume ya Marekani iliyochunguza matokeo ya mashambulizi ya anga ilihitimisha kwamba ingesalimu kabla ya mwisho wa 1945, pengine kabla ya Novemba, hata bila bomu na bila Warusi. Wakosoaji wameonyesha kwamba ushahidi uliokusanywa na tume yenyewe hauibebi hoja hiyo vizuri. Naungana na wakosoaji. Watu waliogawanyika watatu kwa watatu baada ya mabomu mawili na uvamizi mmoja hawakuwa wamekaribia mlango peke yao.

Hiyo haifanyi bomu kuwa haki. Yapo mambo ambayo Washington haikuyajaribu: kuahidi wazi kwamba Mfalme atabaki, au kusubiri wiki mbili Stalin aingie. Na Nagasaki, iliyopigwa siku tatu tu baada ya Hiroshima, haikumbadilisha mtu hata mmoja katika kikao kile cha watatu kwa watatu. Makumi ya maelfu walikufa pale.

Waafrika Mashariki walikuwa na sehemu gani katika vita dhidi ya Japani?

Kubwa kuliko inavyosimuliwa. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na wataalamu wa kuvunja misimbo ya Kijapani wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Japani iliizamisha meli Khedive Ismail ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200, mamia yao wanajeshi wa Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, keya (askari wa King's African Rifles) kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw kule Burma, kwenye matope ya masika na malaria, hadi mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Kwa watu hawa kuchelewa kwa wale sita kulikuwa na maana moja: nani atarudi nyumbani na nani hatarudi.

Wale sita waliishia wapi?

Anami nimekwishamtaja. Suzuki na Yonai walifariki 1948, bila kushtakiwa. Umezu alihukumiwa kifungo cha maisha katika mahakama ya Tokyo, akafa kifungoni 1949. Togo, aliyepigania amani mwishoni, alikuwa waziri pia siku Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani, mwaka 1941. Alipewa miaka 20 na akafa kifungoni 1950. Toyoda alishtakiwa peke yake, akaachiwa huru 1949. Hirohito hakufikishwa mahakamani. Wamarekani waliamua wanamhitaji, na katiba ya 1947 ikamfanya alama ya taifa asiye na madaraka. Alikaa kwenye kiti hadi alipofariki Januari 1989. Sharti lile moja walilolipigania, kwa hakika, walilipata.

Kwa nini tarehe za mwisho wa vita zinatofautiana?

Marekani ilipokea habari ikiwa bado tarehe 14 Agosti kwa saa zake. Japani hukumbuka tarehe 15, siku ya tangazo. Wakorea pia, ila kwao ni siku ya ukombozi. Hati ilitiwa saini tarehe 2 Septemba 1945 juu ya manowari Missouri katika ghuba ya Tokyo, Shigemitsu Mamoru akisaini kwa niaba ya serikali na Umezu kwa niaba ya majeshi. China huadhimisha tarehe 3 Septemba. Visiwani Kuril, kaskazini mwa Japani, mapigano yaliendelea baada ya tangazo: Warusi walitua Shumshu tarehe 18 Agosti, na Wajapani wapatao 600,000 waliotekwa Manchuria na kwingineko wakapelekwa kambi za kazi Siberia. Kati ya Japani na Urusi mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo, kwa ajili ya visiwa hivyo.